Acheni Kuwafundisha Watoto Wetu Kulia Mbele ya Kamera

"Kaka, ile video yangu iliendaka wapi?"

Aliyeniuliza ni msichana wa S3, tumesimama Nsambya karibu na reli, mwezi wa nane mwaka 2023. Sikuwa na jibu. Nilimwambia nitauliza. Akaniangalia vile watu wa kwetu wanamwangalia mtu anayesema "nitauliza", akachukua ndoo yake akaenda.

Nieleze kwanza mimi ni nani katika habari hii, kusudi msidhani najitoa. Nilikuwa natafsiri na kusaidia vijana katika mradi mmoja hapa Kampala. Sitautaja jina, na ukitaka kuutafuta utachoka, kwa sababu iko mingi inayofanana nao kama mayai. Karatasi yake ilisema: kutumia hadithi za kidijitali kuwafundisha wanafunzi wa sekondari elimu ya uraia. Nilifurahi sana. Nilimaliza S6 nikiwa najua sura za Katiba kwa kichwa tu, kama mtu anavyojua nyimbo za kanisa katika lugha asiyoisema. Nikaona sasa kuna njia.

Siku nne za mafunzo. Siku ya kwanza walitufundisha simu: shika hivi, mwanga utoke mbele, sauti irekodi peke yake. Vizuri kabisa. Siku ya pili mkufunzi akasema kila mwanafunzi aandike hadithi ya maisha yake, maneno mia tatu, "kitu kilichobadilisha maisha yako". Watoto wakaandika vitu vya watoto. Mmoja aliandika juu ya mbwa wake wa Bukavu. Mwingine aliandika mwalimu wa hesabu anayewapiga kwa sababu hawajalipa. Yule msichana aliandika juu ya choo cha shule yao, kwamba wasichana karibu mia wana milango miwili na mmoja haufungi, kwa hiyo siku fulani za mwezi hawaendi masomo. Mkufunzi alizisoma zote akaguna. Akasema, "Nendeni ndani zaidi." Mimi ndiye niliyetafsiri hayo maneno. Ndani zaidi. Watoto siyo wajinga, walielewa kinachotafutwa. Siku ya tatu mbwa hayuko, mwalimu wa hesabu hayuko, choo hakiko. Kila hadithi ina usiku, ina risasi, ina mto.

Video ya msichana ilikuwa ya dakika tatu na sekunde kumi, na piano chini yake. Ilionyeshwa hotelini, Siku ya Wakimbizi, tarehe 20 Juni, watu wakafuta macho. Halafu ikapandishwa Facebook. Sasa hapa ndugu msomaji tulia kidogo. Facebook ilifungwa hapa Uganda Januari 2021, wakati wa uchaguzi, na huyo mwaka wa 2023 ilikuwa bado haifunguki bila VPN. Maana yake hadithi ya mtoto wa Kampala, iliyotengenezwa kwa ajili ya elimu ya uraia Kampala, iliwekwa mahali ambapo mwenyekiti wa mtaa wake haioni, mwalimu wake mkuu haioni, diwani haioni, ila mtu wa ng'ambo anaiona akiwa anakunywa kahawa. Niambieni basi, ule uraia ulikuwa wa nchi gani?

Lakini mwanafunzi mmoja mwenye VPN aliipakua. Kesho yake ikawa kwenye WhatsApp ya darasa. Msichana akapewa jina jipya shuleni, jina ambalo siliandiki hapa. Alikaa nyumbani wiki mbili. Na choo? Choo kilibaki na milango miwili, mmoja haufungi.

Hilo ndilo neno langu leo, na najua litaniudhia baadhi ya rafiki zangu wenye fulana zenye nembo. Mnachokiita elimu ya uraia kwa njia ya hadithi, mara nyingi siyo elimu ya uraia. Ni kumfundisha mtoto kugeuza kamera ajipige mwenyewe penye kidonda, halafu kidonda kipelekwe kwa mtu asiyeweza kujibu kitu isipokuwa "pole". Elimu ya uraia ni kugeuza kamera upande wa pili. Ni kuuliza: kitu hiki ni kazi ya nani, na anakaa ofisi gani?

Najua watanijibu kwamba njia hii imejaribiwa duniani. Ndiyo. Ilianza California miaka ya 1990, Joe Lambert na wenzake, wakiwasaidia watu wa kawaida kutengeneza filamu fupi kwa sauti zao wenyewe na picha zao wenyewe. Sina ugomvi nao. Hao wenyewe wanasisitiza kwamba mwenye hadithi ndiye anaamua nini kisemwe na nani aone. Tatizo ni kwamba njia hii ilipofika kwetu ilishuka kwenye ndege bila kipande hicho. Ilikuja na piano tu.

Mfano wa kweli tunao hapahapa, na wala haukutoka kwenye mradi. Aprili 2023, miezi miwili kabla ya ile hoteli, Jimmy Spire Ssentongo, mwalimu wa Makerere na mchoraji wa katuni, aliwaita watu wa Kampala kwenye "maonyesho ya mashimo" huko Twitter. Kazi ilikuwa rahisi: piga picha shimo la barabara yenu, andika liko wapi, lipandishe. Watu walileta mashimo mpaka basi. Wengine na utani wao, kwa sababu huwezi kumkataza Mganda utani. Hakuna aliyeambiwa aende ndani zaidi, shimo lenyewe lilikuwa ndani ya kutosha! Na nini kilitokea? Rais akaagiza shilingi bilioni 6 zitolewe kuziba mashimo ya jiji. Baadaye wakafuata na maonyesho ya hospitali, halafu mwaka 2024 ya Bunge. Mashimo hayakuisha, nyinyi mnaopanda boda mnajua. Lakini kwa siku chache mji mzima ulijifunza barabara gani ni ya jiji, ipi ni ya wizara, nani anaweka saini. Hilo ni darasa ambalo sikulipata miaka sita ya sekondari.

Hapo ndipo huwa nakatizwa. "Wewe ni mkimbizi. Siasa si yako." Wanasema hivyo wazee wetu kwa woga, na nawaelewa, kwa maana wanajua siasa ilitufanyia nini kule tulikotoka. Lakini wafanyakazi wa mashirika nao wanasema hivyo, wakiwa wamekaa vizuri, na hao siwaelewi.

Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inakataza kweli mkimbizi kujihusisha na shughuli za siasa hapa Uganda, ya taifa au ya mtaa. Sibishani. Msifanye. Mimi mwenyewe sivai kofia ya chama chochote na nawaambia vijana wasivae, hata ile ya bure. Lakini sheria hiyohiyo inatupa haki ya kuunda vikundi visivyo vya siasa, kufanya kazi, kutembea. Mtaro uliojaa taka si chama. Bomba lililokauka halina mgombea. Tena serikali yenyewe, katika mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020, ina somo linaloitwa Historia na Elimu ya Siasa, na mtoto wa Kikongo anakaa darasani pamoja na mtoto wa Kiganda wanasoma Katiba moja na wanafanya mtihani mmoja. Kwa hiyo mtoto anaruhusiwa kuandika kwenye mtihani kazi za baraza la mtaa, akipata alama, ila haruhusiwi kwenda kumuuliza huyo wa baraza kwa nini mtaro umeziba?

Kuna jambo zito zaidi. Mtoto aliyezaliwa Kampala na wazazi wakimbizi hapati uraia kwa kuzaliwa tu. Na kifungu cha 12 cha Katiba ya 1995, pale kinaposema nani aliyezaliwa hapa anaweza kujiandikisha kuwa raia, kinamtoa nje hata yule ambaye babu yake alikuwa mkimbizi. Babu! Basi tukisema elimu ya uraia ni ya wenye kura peke yao, tunawaambia watoto hawa, na watoto wao, wakae nje ya darasa maisha yao yote. Mimi nakataa. Kura sina, lakini barua ya LC1 nahitaji, taka zangu zinachukuliwa au hazichukuliwi, mafuriko yakija hayaulizi kitambulisho. Mlima wa taka wa Kiteezi ulipoporomoka tarehe 10 Agosti 2024 na kuzika watu zaidi ya thelathini, taka zilizokuwa mle zilitoka kwenye nyumba zote za Kampala, zetu zikiwemo.

Sasa niwaambie tulichofanya, maana kulalamika peke yake ni rahisi.

Nilipotoka kwenye ule mradi nilikusanya vijana kumi na mmoja, wa shule tatu tofauti, Wakongo wengi, Mrundi mmoja, Waganda wawili. Kanisa moja walitupa chumba cha Jumamosi saa nane. Simu zenye kamera nzuri zilikuwa mbili, moja yangu, kioo kimepasuka. Sikuwaambia waandike maisha yao. Niliwaambia watembee mtaani wiki moja, kila mmoja alete kitu kimoja kinachomuudhi, ambacho kikiharibika kinamuudhi na jirani pia. Kitu cha peke yako, kaa nacho, ni chako.

Walileta mengi: vumbi, mbu, muziki wa baa, mwenye nyumba. Tukachagua mtaro mmoja katika zone moja ya Makindye, ambapo zege la kuvukia lilivunjika, na watoto wadogo wanaruka kwenda shule. Mvua za Machi mpaka Mei zikija, maji yanafika magotini. Kila mtu anapajua. Hakuna aliyewahi kupauliza.

Nikauliza: hii ni kazi ya nani? Wa kwanza akasema Rais. Wa pili akasema UNHCR, tukacheka mpaka Mrundi wetu akatoka nje. Wa tatu akasema "serikali", ambalo ni jibu la mtu anayetaka kumaliza mazungumzo. Basi tukaanza kupanda ngazi. LC1 ni mtaa, juu yake parokia, juu yake divisheni, na Kampala ina divisheni tano: Central, Kawempe, Makindye, Nakawa na Rubaga. Juu ni jiji lenyewe. Hayo yako kwenye kitabu cha shule, nusu ya vijana walikuwa wameshayafanyia mtihani. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kujua kwamba yule mzee anayeuza mkaa kwenye kona, anayegonga mhuri wa barua, ndiye mwanzo wa ile ngazi ya kitabuni.

Tukaenda kwake. Tulimsalimu vizuri, wasichana wakapiga magoti kama inavyotakiwa kwa Waganda, mimi nikamwita ssebo kila sentensi. Akasema mtaro si kazi yake, ni ya divisheni. Divisheni wakasema kweli ni yao, lakini mwenyekiti aandike kwanza, na hata akiandika, pesa ya mwaka imekwisha, mngoje Julai. Kwa nini Julai? Hapo vijana wakajua kwamba mwaka wa serikali ya Uganda unaanza tarehe 1 Julai, na kwamba ukilia Machi umelia umechelewa, ungelia wakati bajeti bado inaandikwa. Wiki tatu zilitupotea kwenye hizo ofisi. Hazikupotea. Ndizo zilikuwa somo lenyewe, video ilikuja baadaye kama chumvi.

Na hapa ndipo nilifundishwa mimi. Nilikuwa nimeandika maelezo ya video kwa Kiswahili kizuri, cha kuheshimika, kama taarifa ya habari. Kijana mmoja wa S2 akaniambia, "Kaka, hii bantu batalala." Akaomba simu, akaiangalia picha ya mtaro, akaanza kuisimulia kama VJ.

Kwa nyinyi mlioko mbali na Kampala: VJ ni yule anayekaa kwenye kibanda cha video na kutafsiri filamu ya kigeni kwa Luganda papo hapo, akiongeza utani, akimsifu stelingi, akimtukana jambazi. VJ Jingo, VJ Junior, watoto wanawajua kuliko mawaziri. Na VJ Emmie ndiye sauti inayopiga kelele katika "Who Killed Captain Alex?", ile filamu ambayo Isaac Nabwana aliitoa mwaka 2010 kule Wakaliga, kwa bajeti ya dola zisizofika mia mbili, ikatazamwa dunia nzima. Yaani sisi tunaishi katika mji ambao umevumbua namna yake ya kusimulia kwa mashine za bei rahisi, halafu tunaleta mkufunzi kwa ndege atufundishe kuweka piano.

Kijana alichanganya Kiswahili cha Bukavu na Luganda. Akamfanya mtaro kuwa jambazi wa filamu. "Muangalie! Anakuja! Amekula kiatu cha mutoto wa P2! Nani atamukamata? LC anasema siyo mimi! Divisheni anasema ngoja Julai! Mtaro anacheka!" Dakika moja na nusu. Hakuna jina la mtu, hakuna uso wa mtoto mdogo, hakuna nyumba ya mtu. Mwisho wake tuliandika jina la zone, na swali moja kwa Luganda na Kiswahili: zege litarudi lini?

Tulimpelekea mwenyekiti kwanza, kabla ya mtu yeyote. Hii ni adabu, na pia ni akili. Alikunja uso. Halafu ile sehemu ya kiatu ikamshinda, akacheka, akamwita mke wake aje aone. Jumapili aliita wenye nyumba. Wakachanga simenti mifuko miwili na mchanga. Nusu ya kivuko ikamwagwa zege. Nusu nyingine ni mbao mpaka leo ninapoandika, na divisheni hawajafika. Julai ilipita. Tulirudi na video ileile, wakatuambia bajeti. Tutarudi tena, mtaro haujahama.

Sitaki kuwadanganya kwamba haikuwa na gharama. Mwanafunzi mmoja alikamatwa na simu shuleni, na shule nyingi za hapa hazitaki simu kabisa. Ikakaa kwa mwalimu mkuu muhula mzima, na ilikuwa ya mama yake, anayeuza vitenge kwa kutembeza na wateja wanampigia humo. Kosa lile ni langu, sikuwa nimeweka sheria kwamba simu haivuki geti la shule. Mama mwingine alinijia akasema, "Mutoto wangu asitafutwe na polisi juu ya mtaro." Nilimtoa mtoto wake siku hiyohiyo, bila maneno. Mama yule hakosei kuogopa. Sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ipo tangu 2011, ikaongezwa makali 2022, na watu wameshafungwa kwa maneno ya mtandaoni. Ndio maana video zetu hazina jina la mtu wala tusi, na zinaanzia kwa yule anayehusika, siyo kwa umati.

Na hayohayo marekebisho ya 2022 yalisema usisambaze habari za mtoto bila ruhusa ya mzazi au mlezi. Rafiki zangu wa mashirika wakisikia hivyo wanatikisa kichwa: "Sisi tunazo fomu, zimesainiwa." Ndiyo, ya yule msichana ilisainiwa. Nilikuwepo. Mlezi wake ni shangazi yake. Fomu ilikuwa kurasa mbili za Kiingereza, shangazi anasoma Kifaransa kidogo. Nilimtafsiria kwa dakika mbili, watu wanagawa soda, gari linangoja. Nilisema, "Mama, hii ni ruhusa ya picha." Sikumwambia duniani kote. Sikumwambia milele. Akaandika jina lake taratibu, kwa herufi kubwa, akanishukuru. Mimi nilipata shilingi zangu za siku hiyo na nikazila.

Watasema hadithi za machozi zinaleta pesa, na pesa zinalipa karo. Hilo ndilo neno gumu, sitalirukia. Ni kweli pesa zimekauka. Mwaka 2025 WFP iliondoa chakula kwa wakimbizi kama milioni moja katika nchi hii, na yeyote anayesoma haya Nakivale au Kyangwali hahitaji mimi nimweleze. Kama shirika linataka kuchangisha kwa hadithi, lichangishe, lakini liite jambo kwa jina lake, lizungumze na watu wazima wanaoelewa wanachouza, na liwalipe. Lisichukue muda wa masomo ya watoto na kuandika juu yake "elimu ya uraia". Hayo ni mauzo. Muuzaji wa kitenge anajua bei ya kitenge chake kabla ya kukitoa begani.

Watasema vifaa hakuna na MB ni ghali. Ni ghali, ndiyo. Tumeshalipishwa shilingi 200 kwa siku kutumia mitandao, kuanzia 2018, halafu 2021 wakaigeuza kuwa asilimia 12 juu ya data. Lakini video yetu ya mtaro haikula data hata kidogo wakati wa kuitengeneza. Tuliandika kwenye daftari kwanza, tukafanya mazoezi kwa mdomo, tukarekodi mara mbili, tukapunguza ukubwa, tukaipitisha simu kwa simu kwa bluetooth. Mwenyekiti aliitazama kwenye simu yetu. Mtu unayetaka akuone anakaa mita mia mbili, MB za nini?

Nyinyi wa kambini mko mbele yetu kwa jambo moja, sijui kama mnajua. Sisi wa mjini hatuna RWC. Nyinyi mnachagua viongozi wenu wa RWC kuanzia ngazi ya kijiji mpaka juu, mnawajua nyumba zao, mnawaona kwenye foleni ya maji. Wanafunzi wenu wa sekondari wangeweza kutengeneza dakika moja na nusu juu ya pampu iliyokufa na kumpelekea RWC I kabla ya jioni. Kule Kakuma, Kenya, wakimbizi walianzisha gazeti lao KANERE mwaka 2008, wakaandika wenyewe juu ya huduma za kambi yao, na siyo kila mkubwa alifurahi. Na sisi wa Kivu hatuna haja ya kwenda Kakuma kutafuta mfano: vijana wa LUCHA walianza Goma mwaka 2012, na moja ya madai yao ya kwanza lilikuwa maji. Maji, katika mji uliokaa juu ya ziwa! Kuna vijana katika kundi letu ambao kaka zao walibeba mabango yale. Wanajua kuuliza tangu nyumbani. Hapa Kampala ndipo tumewafundisha kulia.

Jambo dogo pembeni. Tangu Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda limekubali Kiswahili kifundishwe kwa lazima, na watoto wetu ndio wanaokijua vizuri kuliko darasa zima. Yule VJ wetu wa S2, anayeshika namba za chini katika Kiingereza, sasa wenzake Waganda wanamwomba awaandikie maneno ya Kiswahili ya video zao. Shule moja imemruhusu mwalimu wa Historia atumie video ya mtaro kama mradi wa somo. Mwalimu yule hakupewa posho ya usafiri na mtu. Alikuja kwa miguu.

Narudi kwa msichana. Ana miaka kumi na saba sasa. Alikuja kwenye chumba cha kanisa Jumamosi moja, akakaa nyuma, hakusema kitu wiki nne. Ya tano akaniletea karatasi. Ilikuwa ile hadithi ya kwanza, ya choo, maneno mia tatu, aliitunza ndani ya daftari tangu 2023. Tumeanza nayo. Sasa hivi yuko kwenye kutafuta ni kazi ya nani: bodi ya shule, au mkuu, au divisheni. Amekataa uso wake uonekane, na amekataa mtu mwingine asome kwa sauti yake. Piano hakuitaja.

Lakini ile nyingine bado iko hewani. Nimeandika barua pepe tatu. Ya kwanza nilijibiwa kwamba aliyekuwa anashughulikia mawasiliano ameondoka. Ya pili, kwamba akaunti iko chini ya ofisi ya nchi nyingine. Ya tatu haijajibiwa. Jarida hili linasomwa na wafanyakazi wa mashirika, najua, nawaona mnalibeba kwenye semina. Mtu mmoja kati yenu, au rafiki wa mmoja wenu, anashika neno la siri la akaunti ile. Video ni ya Juni 2023, dakika tatu na sekunde kumi, inaanza na mikono ya msichana juu ya meza. Ifuteni. Halafu mtume neno kwa wahariri wa jarida hili, nami nitakwenda Nsambya kumpa jibu la swali lake.